Mwenye Nguvu Mpishe?

Mithali hii twaisikia tangu utotoni, "Mwenye nguvu mpishe," na katika pwani yetu ya Tanga, toka Moa hata Pangani, ni vigumu kumpata mtu mzima asiyepata kuisema au kuambiwa. Kwa asili yake ni neno la busara. Mwenye ngalawa akikutana na jahazi kubwa lililojaza tanga katika mlango wa bandari, hana haja ya kusimama na kudai haki yake. Na apishe, aishi, akavue kesho. Lakini mithali zina tabia ya kukua. Hii imetoka baharini ikapanda pwani, ikaingia mashambani, hata leo yasemwa pale ambapo mpaka wa mjane umesogezwa na jirani mwenye mali, nao wazee walioitwa kuamua wanamwambia yule mjane kwa sauti ya upole, "Mama, mwache tu. Mwenye nguvu mpishe." Hapo si busara tena. Imekwisha kuwa sheria, na wenye kuisema huileta kana kwamba imetoka kwa Mungu mwenyewe.

Maana ukiwauliza sababu, watakuonyesha viumbe. Papa humla changu. Mti mkubwa huunyima mche jua. Mafahali wawili hawakai zizi moja. "Ndivyo ulimwengu ulivyoumbwa," husema, na shauri limekwisha. Basi swali letu la mwezi huu ni hilo: je, ni kweli ya kuwa uumbaji washuhudia kwamba mdogo hana mahali katika njia ya mkubwa? Na kama washuhudia hivyo au vinginevyo, ushuhuda wake watufunga kwa kadiri gani? Wapenzi wasomaji, twaomba ruhusa ya kumwita shahidi mmoja ambaye haitwi mara kwa mara katika mashauri ya namna hii. Yeye hakai pwani wala bara. Ni donge la barafu lililo mbali sana, liendalo katika njia moja na sayari iliyo kubwa kuliko zote.

Sayari hiyo wengi wenu mmeiona pasipo kujua jina lake. Watu wa pwani waliojifunza elimu ya nyota kwa Waarabu huiita Mshtarii. Vijana shuleni huiita Jupita. Ni ile nyota nyeupe yenye nuru tulivu isiyometameta, na mara nyingi hapana iipitayo kwa mwanga usiku ila mwezi na Zuhura. Uzito wake ni sawa na uzito wa dunia 318. Sayari nyingine zote zilizunguka jua pamoja nasi, zikitiwa katika sahani moja ya mizani, dunia yetu miongoni mwao, Mshtarii peke yake katika sahani ya pili ingezishinda mara mbili na zaidi. Hulizunguka jua mara moja kwa miaka 12 kasoro kidogo, na umbali wake na jua ni mara tano na zaidi ya umbali wetu sisi. Kila kilicho na uzito huvuta, nacho chenye uzito mwingi huvuta sana. Kwa hiyo mtu angedhani ya kuwa kitu kidogo kikionekana katika njia ya Mshtarii, ama kitamezwa, ama kitatupwa mbali kama jiwe la teo. Na kwa sehemu kubwa ya njia ile ndivyo ilivyo. Wenye mithali yao wana haki kufika hapo.

Lakini njia ile ina mahali pawili pasipofuata desturi hiyo. Ili kupaelewa hatuhitaji kitabu cha hesabu. Na tuingie jikoni. Kila mpishi ajua kuyapanga mafiga matatu, kila moja likiwa mbali na mwenzake sawasawa, ndipo chungu kikae. Basi lifanye jua kuwa figa la kwanza, na Mshtarii kuwa figa la pili. Figa la tatu liweke penye umbali ule ule toka kwa yote mawili. Na kwa kuwa waweza kuliweka upande huu au upande ule, mahali ni pawili: pamoja mbele ya Mshtarii katika njia yake, na pengine nyuma yake, kila mahali kwa sehemu ya sita ya duara nzima. Kitu kidogo kikiwapo pale, huvutwa na jua, huvutwa na Mshtarii, na mivuto ile miwili hukutana na mwendo wake kwa kipimo kilicho sawa, hata huenda pamoja na ile sayari kubwa, mzunguko baada ya mzunguko, pasipo kuikaribia wala kuachwa nayo. Wala hakisimami pale kama msumari uliopigwa. Huyumba kidogo mbele na nyuma, kama chombo kilichotia nanga kiyumbavyo maji yakijaa na kutoka; ila maji yetu hujaa na kutoka mara mbili kwa siku, na kuyumba kule huchukua kama miaka 150. Na la ajabu kupita yote, mahali pale hapana kitu. Hapana nanga, hapana mwamba. Ni mahali patupu palipopata nguvu ya kushika kwa sababu ya mpango wa vitu vingine.

Aliyeligundua jambo hili kwa hesabu tupu ni Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa mji wa Torino, katika andiko lake la mwaka 1772. Yeye mwenyewe alilihesabu kuwa jambo la kuwapendeza wenye hesabu tu, asitazamie kuliona mbinguni. Ikapita miaka 134. Tarehe 22 Februari 1906 Max Wolf, akitazama kwa darubini katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, aliona donge dogo likienda mbele ya Mshtarii pale pale penye figa la tatu. Likaitwa Achilles, kwa jina la shujaa wa Wayunani katika hadithi ya vita vya Troya. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo August Kopff, katika mji ule ule, aliona jingine upande wa nyuma, nalo likaitwa Patroclus, jina la rafiki wa Achilles. Baadaye wataalamu wakapatana ya kuwa madonge ya mbele yapewe majina ya Wayunani, na ya nyuma majina ya watu wa Troya. Lakini Patroclus alikuwa amekwisha kupewa jina lake, naye amebaki Myunani peke yake katika kambi ya adui zake. Mwenye kupenda mafumbo atapata lake la kufikiri hapo. Leo madonge yaliyoandikwa katika makundi yote mawili yapita 10,000.

Na tukae kidogo na huyo Patroclus, maana ndiye shahidi tuliyemwita. Mwaka 2001 ilionekana ya kuwa si donge moja, bali ni mawili yaliyokaribiana. La pili likaitwa Menoetius. Lile kubwa lina upana wa kilometa 113 hivi, na mwenzake 104 hivi, hata ni vigumu kusema ni lipi bwana na lipi mfuasi. Yako mbali kwa kilometa 680 hivi, nayo huzungukana kwa siku nne na robo, kila moja likimwelekezea mwenzake uso ule ule daima. Hesabu zilizotolewa mwaka 2006 zilionyesha ya kuwa madonge yale ni mepesi kuliko maji. Ndipo wataalamu wakasema, si mawe matupu haya. Ndani yake imo barafu nyingi, pamoja na vumbi, tena yana nafasi tupu katikati.

Tena wasema kwamba hayakuzaliwa pale. Yalitokea mbali zaidi katika baridi, wakati sayari kubwa zilipokuwa bado hazijatulia katika njia zao, mambo yakavurugika huko juu, madonge yasiyohesabika yakatupwa huko na huko, na machache yakakamatwa katika mahali pale pawili. Patroclus na Menoetius wangeweza kutenganishwa kwa urahisi katika vurugu ile. Hawakutenganishwa. Na kwa kuwa wako wawili hata leo, wataalamu mwaka 2018 waliandika ya kuwa vurugu hiyo ilitukia mapema sana, maana kama wangalikawia katika msongamano wa kwanza wangalikwisha kuachanishwa. Basi hao ni wageni katika njia ya Mshtarii. Hawakupajenga mahali pao, wala hawakupashinda kwa nguvu. Wamewekwa pale. Mlutheri akisikia habari ya kitu kisicho na nguvu kilichowekwa mahali pa salama pasipo kustahili kwake, hukumbuka mafundisho aliyojifunza katika darasa la Kipaimara. Ila tusiharakishe, maana barafu si mtu.

Jambo la kwanza ambalo shahidi huyu atuambia ni hili: yeye si mtumishi wa Mshtarii. Twaomba msomaji alitie moyoni, kwa kuwa ndipo watu wengi hukosea. Mshtarii inayo miezi yake mingi, nayo huizunguka sayari hiyo kama watoto wamzungukavyo mama yao penye sinia. Lakini Patroclus haizunguki Mshtarii. Hulizunguka jua. Yeye na ile sayari kubwa wana njia moja kwa sababu wana jua moja, wala si kwa sababu mmoja ni mali ya mwenzake.

Pwani hii yajua tofauti hiyo kwa mambo mazito kuliko nyota. Mwaka ule ule wa 1906 ndio mwaka wa kwanza ambao, kwa amri ya serikali ya Kijerumani, kila mtoto aliyezaliwa na mtumwa alihesabiwa kuwa huru tangu kuzaliwa; utumwa wenyewe haukukomeshwa na sheria katika Tanganyika hata mwaka 1922, wakati wa serikali ya Kiingereza. Na hata hapo, mtu aliyeachwa huru pwani mara nyingi aliendelea kuitwa "wa fulani". Shamba alilolima lilikuwa la fulani, mahari ya mwanawe alisaidiwa na fulani, akifa alizikwa na watu wa fulani. Kwa cheti alikuwa huru, lakini kwa mwendo wake alikuwa mwezi. Watoto waliokombolewa utumwani walipelekwa Lutindi, katika milima ya Usambara, ambapo makao yao yalianzishwa mwaka 1896. Baadaye mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ingali ikiwahudumia chini ya kanisa letu. Waliowalea watoto wale walikuwa na kazi ngumu kuliko kukata minyororo. Walikuwa na kazi ya kumfundisha mtoto asiulize tena, "Mimi ni wa nani?" kwa maana ile ya zamani, wala asibadilishe jina la bwana wa pwani kwa jina la bwana wa misheni.

Neno hilo la mwisho latugusa sisi wenyewe. Mtu akiuliza, "Kama Mshtarii ingeondolewa, Patroclus angekuwaje?" jibu la wataalamu ni rahisi: angeendelea kulizunguka jua, na njia yake isingebadilika sana. Kile kilichomshika hasa hakikuwa Mshtarii. Sharika zetu zilijaribiwa kwa swali hilo hilo. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walifika Tanga mwaka 1890, wakapanda Usambara mwaka uliofuata. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Wajerumani waliondolewa katika nchi, na kufika mwaka 1920 hao wamisionari walikuwa wamekwenda. Walikuwapo watu waliosema ya kuwa makanisa yale yataanguka kama matunda mabichi. Hayakuanguka. Walimu na wazee wa Kisambaa, wa Kidigo na wa Kibondei walifundisha, walizika, waliombea wagonjwa, waliweka hesabu za sadaka, hata wamisionari walipoanza kurudi mwaka 1925. Hatusemi hayo ili kuwadharau waliokwenda, kwa kuwa walioshika kazi ndio waliofundishwa nao. Twasema tu ya kuwa siku zile ilidhihirika nani aliyekuwa jua.

Twende kwa shahidi wa upande wa pili, tusije tukaambiwa tumesikiliza mmoja tu. Mwezi wa Machi mwaka 1993 Carolyn na Eugene Shoemaker pamoja na David Levy waliona donge jingine la barafu, nyota yenye mkia, ambalo halikukaa penye figa la tatu. Hilo liliikaribia Mshtarii mno hata likaacha kulizunguka jua peke yake, likawa la kuizunguka ile sayari. Mwezi wa Julai mwaka 1992, kabla halijaonekana na mtu, lilipita karibu sana nayo, na mvuto ukalirarua vipande zaidi ya 20 vilivyofuatana kama shanga katika uzi. Miaka miwili baadaye, toka tarehe 16 hata 22 Julai 1994, vipande vile vilianguka kimoja kimoja katika Mshtarii, vikaacha madoa meusi, mengine makubwa kuliko dunia yetu. Basi mithali ya wazee ina kweli yake, wala hatuifuti. Mdogo anayejisogeza katika baraza la mkubwa ili apate joto, akaacha lile alilokuwa akilizunguka kwanza, apaswa kuogopa. Twamjua kila mmoja wetu mtu wa namna hiyo, aliyeanza kwa kubeba mkoba wa mwenye cheo na kuishia kusaini asichokisoma.

Sasa twafika penye neno ambalo kwa ajili yake tumeandika habari hii yote. Lagrange alionyesha ya kuwa mahali pale pawili pako. Katika karne ya 19 wenye hesabu wakauliza tena: je, ni salama? Maana mahali paweza kuwapo, kama kilele cha kichuguu, lakini ukiweka embe pale litaviringika. Jibu lao lilikuwa na sharti. Figa la tatu ni mahali pa salama kwa kitu kidogo, ikiwa lile lililo katikati lapita uzito wa ile sayari kubwa kwa mara 25 hivi au zaidi. Likipungua hapo, kitu kidogo kitaanza kuyumba, na kuyumba kutazidi, hata kitupwe nje. Kati ya jua na Mshtarii sharti hilo latimizwa pasipo shaka, kwa kuwa jua lina uzito wa Mshtarii mara 1,047.

Tafakarini jambo hilo, ndugu zetu. Usalama wa mdogo haukutegemea udogo wake, kwamba ajikunje zaidi. Wala haukutegemea wema wa mkubwa. Mshtarii haina wema, yavuta kila siku kwa nguvu zake zote. Ulitegemea jambo moja, ya kuwa mkubwa mwenyewe ni mdogo sana mbele ya aliye katikati. Kama Mshtarii ingekua hata ikaanza kuwa jua la pili, mahali pa salama pa madonge yale pangepotea, hata kama ingebaki katika njia ile ile na kwa mwendo ule ule wa adabu.

Mkoa wetu umeliona jambo hilo likitendwa na watu. Katani ililetwa nchi hii mwaka 1893 na Richard Hindorf, kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Miche 62 ndiyo iliyopona njiani, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Toka miche hiyo yalitoka mashamba yaliyoijaza nchi, na mashamba yakaita watu toka mbali, nao wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Alikuwa na kipande chake, kikatiwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie 30. Hatusemi ya kuwa kila mwenye shamba alikuwa mtu mbaya. Walikuwapo waliowapa watu dawa na ardhi ya kulima chakula. Lakini penye shamba ambapo bwana ndiye mwenye duka, ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye njia ya kurudi kwao, tena hapana amri juu yake aiogopayo, wema wake ulikuwa kama hali ya hewa, leo jua, kesho tufani. Mtu hawezi kujenga maisha juu ya hali ya hewa. Ndiyo maana twaona ya kuwa swali la kumwuliza mwenye nguvu si, "Je, wewe u mpole?" Wapole wengi wamewaponda watu. Swali ni, "Wewe nawe wamzunguka nani, na je, yeye akupita kwa kiasi gani?" Nalo laulizwa kwa mwenye shamba na kwa serikali, kwa baba katika nyumba yake, kwa mchungaji pia na kwa mzee wa kanisa aliyekaa katika baraza miaka mingi hata watu wamesahau kwamba si kiti chake. Bwana wetu alipowakuta wanafunzi wake wakishindana nani aliye mkubwa, hakuwakataza kuwa na wakubwa. Alimsimamisha mtoto katikati yao.

Twajua watakaotuandikia barua. Mmoja atasema, "Mnatupigia falaki." La, hasha. Mpiga falaki asema nyota yaamuru mambo ya mtu. Sisi hatusemi ya kuwa Patroclus anamjua mjane wa Pangani, wala kwamba mpaka wake utarudi kwa sababu ya barafu. Mwingine atasema neno lenye nguvu zaidi, nasi twalipokea: si halali kusoma amri za Mungu katika mawe na wanyama, kwa kuwa kila mtu atasoma humo alitakalo. Walutheri hasa tuna sababu ya kuogopa. Katika Ujerumani ya miaka ya 1930 walikuwapo wanatheolojia wa kanisa letu waliofundisha ya kuwa damu na taifa ni maagizo ya uumbaji ambayo mtu hana budi kuyatii, na mafundisho hayo yakawa mto laini wa kulalia kichwa cha mtawala mkali. Mwezi wa Mei 1934, huko Barmen, Wakristo wengine wakakutana wakakataa, wakashuhudia ya kuwa kanisa halina neno jingine la kusikiliza na kulitii zaidi ya Kristo. Basi nasi tusijenge amri mpya juu ya figa la tatu. Yule asemaye, "Tazameni, donge dogo hufuata nyuma ya kubwa, kwa hiyo watumishi wafuate nyuma," asome uumbaji vibaya. Kundi jingine la madonge hutangulia mbele. Na yule asemaye, "Tazameni, vyote ni sawa," asome vibaya pia, kwa kuwa Mshtarii si sawa na donge.

Kazi ya shahidi wetu ni ndogo kuliko hiyo, nayo yatosha. Yeye hakuja kutoa sheria. Amekuja kukanusha. Watu walisema mbele ya mjane, "Ndivyo ulimwengu ulivyoumbwa, mdogo hana mahali katika njia ya mkubwa," wakamfunga Mungu katika shauri lao awe mdhamini wa mwizi. Shahidi ajibu, "Si kweli. Mimi niko." Baada ya hapo wazee wale hawawezi tena kujificha nyuma ya uumbaji. Sharti waangalie ushahidi wa mpaka, wapime hatua, waulize majirani, waamue. Wakiona vema kumshauri mjane asiende mahakamani kwa sababu hana nauli au aweza kupigwa, na waseme hivyo kwa maneno yao wenyewe, kwa aibu iwapasayo, wala wasiseme ni mpango wa Mungu.

Na kama yupo msomaji aulizaye faida ya kujua mambo haya ya mbali, twamwambia ya kuwa watu wamekwisha kutuma chombo kwenda kuyatazama madonge haya kwa karibu. Kiliondoka Marekani tarehe 16 Oktoba 2021, nacho chaitwa Lucy, kwa jina walilopewa mifupa ya kale iliyopatikana Hadar, Uhabeshi, mwaka 1974. Wahabeshi wenyewe humwita mwenye mifupa hiyo Dinkinesh, na donge la kwanza ambalo chombo kilipita karibu nalo, tarehe 1 Novemba 2023, lina jina hilo. Likaonekana lina mwezi wake, ukaitwa Selam, maana yake amani. Madonge hayo mawili yako huku karibu, ndani ya njia ya Mshtarii. Safari bado ni ndefu. Kwa Patroclus na mwenzake chombo kinatazamiwa kufika mwezi wa Machi 2033, na watoto wanaoanza shule sasa watakuwa vijana wakubwa siku hiyo.

Wakati huo ukingojewa, mwalimu wa usharika aweza kuwatoa wanafunzi wake nje usiku wa mbingu safi, Mshtarii ikiwa juu usiku wa manane. Anyoshe mkono mbele ya uso wake, akunje ngumi, apime toka kwa ile nyota kwenda magharibi, akiifuata njia ipitwayo na mwezi, ngumi sita au saba. Karibu na hapo ndipo walipo akina Patroclus. Hataona kitu, hata mwenye macho ya mvuvi hataona, kwa kuwa nuru yao ni hafifu mno.